Baada ya Kipaimara: Amana Tunayowanyima Vijana

Ifikapo Desemba, mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro hupanda yakiwa yamesheheni watu na vifurushi, na katika vifurushi vile aghalabu halikosekani gauni jeupe lililokunjwa kwa uangalifu, wala jozi ya viatu vipya vya mvulana, wala bahasha yenye michango ya wajomba na mashangazi. Kwa kuwa katika nyumba nyingi za Kikristo za Machame, Marangu na Old Moshi mwezi huo ndio wa ukoo kukutana, na ukoo unapokutana ndipo mtoto aliyekamilisha mafundisho hupewa kipaimara, watu wakala na kunywa chini ya turubai, wakamtunza kijana wao na kumshukuru Mungu aliyemfikisha. Sherehe hiyo ni njema, wala sioni sababu ya kuibeza kwa ajili ya gharama zake, maadamu wazazi waliomlea mtoto miaka kumi na minne katika homa, ada na njaa wana haki ya kufurahi siku moja.

Jambo linalonisumbua ni Januari. Wageni wamekwisha kurudi mijini, na yule kijana ambaye majuma machache nyuma alisimama mbele ya madhabahu, akaulizwa mbele ya usharika mzima kama yu tayari kudumu katika imani aliyobatiziwa, naye akajibu kwa sauti kwamba yu tayari, hana mahali pa kwenda Jumamosi. Darasa lake limefungwa. Shule ya Jumapili amekwisha kuipita kwa umri. Kwaya ya vijana imejaa watu wa miaka ishirini na mitano wasio na haja ya mvulana ambaye sauti yake ndiyo kwanza inavunjika. Wazee wa kanisa humwona mtoto, watoto humwona mtu mzima, basi yeye hukaa nje chini ya mti pamoja na wenzake wakati ibada inaendelea, wakitazama simu moja watu watatu, na ikipita nusu ya mwaka hata chini ya mti haonekani tena.

Tukiulizana sababu, hulaumiwa simu, muziki, marafiki wabaya na dunia kwa jumla. Lawama hizo si za uongo, ila hazitoshi. Nimemjua mvulana wa kidato cha pili ambaye mama yake alikuwa akimwamsha mara nne kwa ajili ya ibada ya kwanza bila mafanikio. Lakini mwaka ule baba yake alipomnunulia vifaranga hamsini na kumwambia kwamba hao ni wake, awatunze, awauze, na nusu ya faida aitumie kwa madaftari yake, mvulana yule yule akawa anaamka usiku wa manane bila kuamshwa na mtu, akatia mkaa jikoni, akasikiliza kama wanalia kwa baridi, kisha akarudi kulala. Wala hapakuwa na aliyemhubiria juu ya bidii. Alikuwa amekabidhiwa uhai wa viumbe, na alifahamu fika kwamba yeye akilala, wao watakufa.

Nadhani siri yote ya malezi ya kijana Mkristo imo humo, na ndiyo ninayotaka kuisema katika makala haya: imani ya mtu aliyebaleghe haikui kwa kuongezewa mafundisho peke yake, wala kwa kuongezewa makatazo, bali hukua pale anapokabidhiwa amana ya kweli, itakayopotea kweli akiipuuza, huku mtu mzima mmoja anayemwamini akiwa karibu naye wa kumrudia jioni na kumweleza alivyoitunza. Kanisa la Afrika ya Mashariki lililijua jambo hili zamani. Tumelisahau sisi.

Tuanze na hilo darasa lenyewe, maana halikukusudiwa liwe kama lilivyo leo. Katika sharika za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania kijana husoma mafundisho ya kipaimara aghalabu kwa miaka miwili, na kitabu chake kikuu ni Katekisimu Ndogo ya Martin Luther, yenye Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo na Meza ya Bwana. Kitabu hicho kilizaliwa katika masikitiko. Mwaka 1528 Luther alikwenda kukagua sharika za Saxony, akakuta watu wazima waliobatizwa ambao hawakuijua hata Sala ya Bwana, na wachungaji ambao hawakuwa na la kuwafundisha. Na mwaka uliofuata, 1529, akatoa mafundisho mafupi yaliyochapwa kwanza kwenye mabango ya kutundikwa ukutani nyumbani. Aliyeagizwa kufundisha nyumbani hakuwa mwinjilisti wala mwalimu wa darasa. Alikuwa mkuu wa nyumba, yaani baba au mama mwenye kaya, aketi na watu wake, watoto na watumishi, awaulize na kuwaeleza.

Hebu sasa tuyapime hayo kwa yanayotendeka kwetu. Mzazi humpeleka mtoto darasani kama ampelekavyo kwa fundi cherehani kupimwa nguo, kisha hurudi siku ya kuichukua. Mwinjilisti mmoja, mwenye mitaa miwili au mitatu ya kuhudumia, hukabidhiwa vijana arobaini katika benchi za mbao, Jumamosi asubuhi, wengine hawajanywa chai, akawakaririsha kwa sababu hana muda wa kuwasikiliza. Mwisho hufanyika mtihani, na baba humwuliza mwanawe swali moja tu: umefaulu? Sina neno juu ya kukariri kwenyewe. Mambo niliyoyakariri utotoni ndiyo yaliyonishika mkono katika misiba ya ukubwani, wakati ambapo akili haikuweza kutunga sala yoyote. Lakini mtoto aliyekariri bila kuulizana na mtu nyumbani hudhani kwamba dini ni somo, na somo likishafanyiwa mtihani hufungwa.

Na vijana wana maswali, tena mazito. Binti wa miaka kumi na tatu aliyefiwa na mama yake Agosti, ilhali mtaa mzima ulimwombea, anataka kujua kama walioomba walikosea au Mungu hakusikia. Mvulana anayeona mzee wa kanisa akisoma somo madhabahuni asubuhi na kumpiga mkewe jioni anataka kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililo dini. Mara nyingi maswali ya namna hii hujibiwa kwa kemeo, kwamba anayeuliza ana kiburi, au amepotoshwa shuleni. Injili ya Luka inasimulia kwamba Yesu mwenyewe alipokuwa na miaka kumi na miwili alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza, na wale walimu hawakumfukuza; kisha Luka akaongeza jambo ambalo wahubiri hulipita upesi, kwamba alishuka na wazazi wake mpaka Nazareti akawa anawatii. Mambo hayo mawili yamekaa pamoja katika ukurasa mmoja: uhuru wa kuuliza mbele ya wakubwa, na kurudi nyumbani kwenye kuni, maji na kazi ya mikono. Kijana aliyenyimwa la kwanza hulifanya la pili kwa kinyongo.

Wahenga wetu, kabla ya Ukristo na baada yake, hawakumwacha kijana avuke umri huu peke yake. Kule Old Moshi aliishi kwa miaka mingi, hadi 1938, mmisionari wa Leipzig aliyeitwa Bruno Gutmann, ambaye alifanya jambo ambalo wamisionari wachache wa zama zake walilifanya: aliketi na wazee wa Kichagga akawasikiliza, akaandika mafundisho yao ya unyago na jando katika juzuu tatu nene, zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Aliyakuta mafundisho yenye mpango, ambayo mwalimu aliyatoa kwa kuifuata fimbo ya mregho, iliyochongwa alama, kila alama na somo lake: juu ya mwili, juu ya ndoa, juu ya kumheshimu mama, juu ya namna ya kukaa na jirani. Akaona pia kwamba kijana hakufundishwa ili ajue tu, bali alifungwa pamoja na wenzake wa rika, mmoja akiwa ngao ya mwenzake, kiasi kwamba aibu ya mmoja ilikuwa aibu ya wote. Basi Gutmann akawapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo kwa mfano huo wa rika, ili wanaokwenda pamoja madhabahuni wawe wamefungamana kusaidiana kabla ya siku ile na baada yake. Wapo waliomlaumu kwamba aliipenda mno mila, na huenda katika mengine walisema kweli; lakini katika hili alikuwa ameona mbali, na natamani kila mchungaji anayefungua darasa jipya Kilimanjaro leo akumbuke kwamba katika mlima ule ule kipaimara kiliwahi kuwa mwanzo wa udugu.

Kusini, katika Masasi, ushahidi wa jambo hili ni mzito zaidi. Kituo cha misheni cha hapo kilianzishwa na wamisionari wa Kanisa la Kiingereza mwaka 1876 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, na waumini wake, Wayao, Wamakua na wengineo, walikuwa na jando lililokuwa nguzo ya maisha yao. Mwanzoni waliohubiri walilikataza. Matokeo yake yalikuwa kwamba mtoto wa Mkristo alikabiliwa na njia mbili, zote chungu: ama aende porini kwa siri, akafundishwe na watu wasio na habari na ubatizo wake, ama asiende, abaki mtoto siku zote machoni pa wenzake, adharauliwe mpaka atakapooa, kama atapata wa kumwoa. Ndipo padri Vincent Lucas, ambaye baadaye, mwaka 1926, alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, pamoja na mapadri Waafrika ambao wenyewe walikuwa wamepita jandoni na walijua lililo la kuachwa na lililo la kuhifadhiwa, wakathubutu kuunda jando la Kikristo. Kambi ya porini ikabaki, na tohara ikabaki, na ngariba na walezi wakabaki. Lakini kambi ikawa na sala asubuhi na jioni, dawa na usafi, na mafundisho ya adabu na ya mwili yakitolewa na Wakristo wazima, kisha wavulana wakatoka na nguo mpya wakapokewa kanisani kwa shukrani mbele ya wazazi wao.

Nalitaja jando lile kwa sababu lilitatua tatizo ambalo sisi tumelifunga ndani ya sanduku tukalikalia. Walezi wale walizungumza na vijana juu ya mwili, waziwazi, kwa maneno yenye staha, wakati unaopaswa. Leo mvulana wa Kikristo hujifunza mambo hayo katika simu, kutoka kwa watu wasiomjali, na msichana huyajua akiwa tayari ameumizwa, ilhali darasani Amri ya Sita hupitishwa kwa dakika tano, mwinjilisti akiangalia dirishani. Kwa upande wa wasichana, hata Masasi yenyewe kazi haikufanikiwa kama ya wavulana, na deni hilo hatujalilipa hadi sasa.

Kuna wanaosema kwamba watoto hawa ni wadogo mno, tuwaache kwanza wakue ndipo tuwape kazi. Historia ya pwani yetu inawajibu. Askofu Tozer wa misheni hiyo hiyo ya Kiingereza alipofika Unguja mwaka 1864, Sultani Sayyid Majid alimkabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, watoto wasio na wazazi, wasioelewana hata kwa lugha. Mmoja wao, John Swedi, alipewa daraja ya ushemasi mdogo mwaka 1870 na ushemasi kamili mwaka 1879. Baada yake alikuja Cecil Majaliwa, naye mtoto aliyeokolewa, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kuwa padri, akiwa amekwisha kutumwa bara ya kusini, Chitangali, kuongoza kanisa mbali kabisa na macho ya Wazungu. Katika shule ya misheni ya Kiungani, Unguja, vijana wa namna hiyo walifundishwa kupanga herufi za chapa na kuchapa vitabu, wakawafundisha wadogo wao kusoma, na mwaka 1887 kikatoka London kitabu chenye masimulizi waliyoyaandika wavulana wenyewe juu ya nchi zao na jinsi walivyotekwa, kilichotafsiriwa na A. C. Madan, yule yule wa kamusi ya Kiswahili. Watoto waliouzwa kama bidhaa waliulizwa habari zao, wakapewa kalamu, wakaandika. Sijui njia bora kuliko hiyo ya kumwambia mtu aliyeumizwa kwamba yeye ni mtu mbele ya Mungu.

Na Buganda? Habari za mashahidi wa Namugongo zinajulikana: kwamba Kizito alikuwa na umri wa miaka ipatayo kumi na minne alipochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga na wenzao, na kwamba mwaka mmoja kabla, Januari 1885, vijana watatu wa Kianglikana, mdogo wao Yusufu Lugalama, walikuwa wametangulia. Tunazisimulia kwa ajili ya kifo chao, lakini mimi hupenda zaidi kuitafakari miezi iliyotangulia kifo kile, wakati wavulana wa kasri la Kabaka Mwanga walipokuwa wakisomeshana usiku, aliyejua herufi akimfundisha asiyejua, na Lwanga, ambaye mwenyewe alikuwa bado kijana, akiwalinda wadogo wake kila walipoitwa kwenda kudhulumiwa. Baada ya Yosefu Mukasa, aliyewalinda kabla yake, kuuawa Novemba 1885, ulinzi wa watoto wale ulimwangukia Lwanga. Hakuna padri aliyekuwapo usiku ule wa mwisho kabla ya hukumu. Lwanga ndiye aliyewabatiza wale waliokuwa hawajabatizwa, Kizito akiwa mmoja wao. Ushujaa wao ulijengwa siku baada ya siku katika kutunzana, na moto uliukuta umekwisha kukomaa.

Siku hizi mahali ambapo ninauona moyo ule, ingawa kwa kiasi cha maisha ya kawaida, ni katika shule za bweni. Ingia shule yoyote ya sekondari ya Tanzania Jumapili asubuhi utawakuta wanafunzi Wakristo katika vyama vyao: wana UKWATA katika bwalo, wana TYCS katika darasa la pembeni, na CASFETA wakiimba chini ya mwembe, na aghalabu hakuna mchungaji wala padri hata mmoja. Mhubiri ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu wa kwaya wote ni wanafunzi. Ratiba ya zamu imeandikwa kwa mkono na kubandikwa ukutani, na aliyepangiwa neno la Jumapili ijayo hutembea juma zima na Biblia mfukoni kwa hofu, hofu njema. Wanafunzi Wakatoliki wamejifunza njia ya Ona, Amua, Tenda, ambayo asili yake ni padri Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi kilichotambuliwa rasmi mwaka 1925. Nao huketi wakajiuliza wameona nini katika bweni lao juma hili, Injili inasema nini juu yake, na watafanya nini, nani na lini. Mweka hazina wa miaka kumi na sita anayetunza shilingi elfu thelathini za sadaka katika sanduku la bati, yeye mwenyewe akiwa hana hela ya sabuni, anajifunza uaminifu kwa namna ambayo hakuna mahubiri yanayoweza kuufundisha.

Lakini hapa nami sharti niseme hatari yake, kwa kuwa nusu ya kanuni niliyoitaja ni yule mtu mzima wa karibu. Pale ambapo mwalimu mlezi wa chama ni jina tu katika fomu, vijana huachwa na ghera isiyo na mwongozo. Wakafunga siku tatu katikati ya mitihani. Wakakesha mpaka wanalala darasani. Binti akianguka kwa njaa au kwa huzuni, wenzake wakamzunguka wakimkemea pepo usiku kucha, ilhali alihitaji uji, muuguzi, na mtu wa kumwuliza kwao kukoje. Amana bila mlezi humvunja kijana, kama vile mlezi bila amana humdumaza.

Nitaeleza jambo moja nililoliona kwa macho yangu, katika usharika mdogo wa vijijini. Mwinjilisti wa pale, mama mmoja mtulivu, alikuwa amechoka kuwaona vijana wakitawanyika baada ya kipaimara. Akaanza, wakati wangali darasani, kuwatuma wawili wawili kila Jumamosi alasiri kwa wazee wasioweza tena kuja kanisani. Kila jozi ilipewa nyumba moja, haikubadilishwa, na daftari moja la kurasa arobaini. Kazi zao zilikuwa tatu: wachote maji, wasome sura moja ya Biblia, waandike walichokikuta. Aliniruhusu nilisome daftari mojawapo. Mwandiko ulikuwa wa mvulana, umeinama, na kalamu ilikuwa ikikwama kwa wino. Juma la kwanza aliandika mstari mmoja tu, kwamba wamefika na Bibi hajambo. Juma la tatu aliandika kwamba Bibi anataka Zaburi kila siku, na kwamba walipoisoma wakaruka mstari, Bibi, ambaye haoni, aliwasimamisha, akausema mstari uliorukwa kwa kichwa, akawaambia waanze tena. Juma la saba: Bibi hana mafuta ya taa lakini anasema haina haja, taa ni ya wageni, wamechanga shilingi mia nane, wamenunua. Kisha juma moja ukurasa uko mtupu, na chini yake mwandiko wa mwinjilisti unauliza: Mlikuwa wapi? Na chini ya swali hilo, jibu la mvulana: Tulikwenda kucheza mpira. Bibi alikaa na kiti nje mpaka giza. Tumemwomba radhi.

Sijapata kusoma ungamo lililo wazi kuliko lile. Hakuandika kwamba mwalimu alikasirika, wala kwamba amevunja kanuni ya darasa. Aliandika habari ya kiti na giza, maana alikuwa amefahamu ni nani aliyeumia. Nilipomwuliza yule mama kama aliwaadhibu, akanijibu kwamba hakuona haja, ila Jumamosi iliyofuata alifuatana nao mpaka mlangoni, akawaacha waingie peke yao. Bibi yule aliposafiri kwenda kwa Mungu, vijana wale wawili ndio waliojua ni zaburi ipi isomwe kaburini, na wazee wa kanisa, ambao kwa desturi wangeamua wenyewe, wakawauliza.

Wala sidai kwamba kila usharika uige daftari lile. Palipo na mifugo, kijana na akabidhiwe mbuzi wa kanisa. Penye zahanati ya misheni, awe msomaji wa majina ya wagonjwa na mpeleka maji ya kunywa. Mjini, awafundishe hesabu watoto wa darasa la nne katika ukumbi unaofungwa Jumatatu mpaka Ijumaa bila sababu. Baraza la wazee linalojadili mambo ya vijana liwe na kijana ndani yake, asiwe wa kufungua mlango na kugawa soda. Wala kazi zisigawanywe kwa desturi mbovu tuliyoizoea, kwamba wasichana wafagie kanisa, wapange maua na kuosha vyombo vya wageni, na wavulana washike kipaza sauti na kusoma taarifa. Nimeona sharika ambazo mabinti wana kazi nyingi pasipo sauti, na wavulana wana sauti pasipo kazi, na wote wawili wamedhulumiwa.

Jaribio kubwa zaidi la maneno haya yote huja pale kijana anapoanguka. Katika sharika nyingi, binti wa miaka kumi na sita akipata mimba hutengwa na Meza ya Bwana, jina lake likajulikana kwa kila mtu, akaondolewa katika kwaya, na kurudi kwake kukawa ni kusimama mbele ya watu wazima waliojaa, wengi wao wakiwa na siri zao. Novemba 2021 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wasichana walioacha masomo kwa ajili ya ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za serikali. Itakuwa fedheha kwetu ikiwa mlango wa darasa la serikali utakuwa mpana kuliko mlango wa kanisa. Nidhamu ya kanisa ni haki, na toba ni haki, nami siombi ifutwe. Naomba iwe na mwisho, na iwe na njia ya kumrudishia binti yule amana aliyokuwa ameishika kabla, daftari la kwaya au darasa la watoto, kwa sababu hapo ndipo atakapojua kwamba amesamehewa kweli. Na mvulana aliyehusika naye, ambaye kwa desturi hubaki katika benchi lake akiimba kama kwamba hakuna lililotokea, naye aitwe mbele ya wazee hao hao, pamoja na baba yake, aulizwe kwa upole lakini bila kuachiwa nafasi ya kuteleza. Apewe hesabu ya maziwa, ya kliniki na ya nepi, na apangiwe siku ya juma atakayokuwa akipeleka sehemu yake kwa mkono wake mwenyewe.